Breki ya Kitufe na Gari la Klachi: Ni Nini Kinacholishika Gurudumu?

Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule ya sekondari iliyo juu katika milima ya Usambara. Nilipanda kutoka Mombo alfajiri, ukungu ukiwa mzito na taa za gari zikiwaka. Nilipofika niliegesha mahali palipoinama kidogo mbele ya ofisi ya walimu, nikaingia darasani, na kwa uzembe wangu mwenyewe nikazisahau taa zile. Jioni betri ilikuwa taabani.

Jambo hilo halikunitia wasiwasi. Gari langu ni la gia za mkono, lile lenye klachi, na kila mtu aliyekulia katika nchi yetu anajua dawa ya ugonjwa huo: watu husukuma, dereva hutia gia ya pili, huachia klachi, na injini hushtuka ikawaka. Wanafunzi wanane wa kidato cha tatu wakajitolea. Wakaweka mabega, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakasukuma kuelekea upande unakoshukia mteremko. Gari halikusogea hata inchi moja.

Kijana mmoja akachungulia ndani kuutafuta wenzo wa breki ya mkono, ule unaokaa kati ya viti viwili vya mbele. Hakuuona. Palikuwa na kitufe kidogo tu chenye herufi P ndani ya duara. Nikakanyaga breki ya mguu, nikakibonyeza kitufe. Mota ikatoa mlio mfupi nyuma ya gari, kisha ikanyamaza. Ndipo kijana yule aliponiuliza: "Samahani, Mwalimu. Umetuambia kwamba breki hii ni ya umeme. Sasa umeme hautoshi hata kuiwasha redio. Ni nini kinacholishika gurudumu?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko hotuba niliyoitoa mchana kutwa. Katika makala haya nakusudia kulijibu kwa kirefu, na baada ya hapo kutoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo naona walimu wa sayansi na wakufunzi wa udereva hawajalipa uzito unaostahili. Maoni yenyewe ni haya: breki ya kitufe imemwondolea dereva kazi ya mkono, lakini haikumwondolea wajibu wa kuelewa. Zamani uelewa huo uliingia kwa njia ya mkono na mguu, mtu akaupata hata bila ya kuingia darasani. Sasa njia hiyo inazibwa, na hapana budi shule ifungue nyingine.

Mota, skrubu na pembetatu ya karatasi

Breki ya umeme ya kuegeshea si jambo la jana. BMW 7 Series iliyotoka mwaka 2001 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuwa nayo. Renault Scénic ya mwaka 2003 na Volkswagen Passat ya mwaka 2005 zikaifikisha kwa wanunuzi wa kawaida, wakiwemo wale waliochagua gari lenye klachi. Magari ya namna hiyo hutufikia baada ya kutumika ng'ambo kwa miaka kadhaa, na kwa hiyo mambo yaliyokuwa mapya kwa fundi wa Ulaya miaka ishirini iliyopita huwa mapya kwa fundi wetu leo.

Ziko aina mbili kubwa. Katika ya kwanza, mota moja huvuta kebo zilezile za chuma zilizokuwa zikivutwa na wenzo wa mkono. Katika ya pili, kila gurudumu la nyuma lina mota yake ndogo. Mota hiyo huzunguka kwa kasi, lakini nguvu yake ni ndogo. Meno ya gia huipunguza kasi mara mia na zaidi na kuikuza nguvu ya kuzungusha, kisha skrubu huugeuza mzunguko kuwa msukumo ulionyooka. Nati iliyomo katika skrubu husogea mbele, huisukuma pistoni, na pistoni huzibana pedi za breki dhidi ya disiki ya gurudumu.

Jibu la swali la kijana wetu limo katika skrubu hiyo. Chukua karatasi, ikate iwe na umbo la pembetatu mraba ndefu na nyembamba, kisha uizungushie penseli. Ukingo wake ulioinama utaipanda penseli mfano wa ngazi inayozunguka mnara. Hivyo ndivyo skrubu ilivyo: ni mteremko uliozungushiwa nguzo. Na mteremko una kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia ameionja kwa ubao na kipande cha mti. Ukiuinamisha ubao kidogo, kipande hukaa pale pale. Ukizidi kuuinamisha, hufika mahali kikateleza. Hakitelezi maadamu uwiano wa kimo cha mteremko kwa urefu wake wa mlalo ni mdogo kuliko kipimo cha msuguano baina ya vitu viwili vinavyogusana.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme skrubu ina kipenyo cha milimita 10, na kila ikizunguka mara moja nati hupanda milimita 2. Mzingo wake ni milimita 31.4. Ukigawa 2 kwa 31.4 unapata takriban 0.064. Huo ni mteremko mdogo sana. Kipimo cha msuguano wa chuma juu ya chuma, hata kikipakwa grisi, aghalabu huwa 0.1 au zaidi. Kwa hiyo disiki iliyobanwa inaweza kuisukuma nati kwa nguvu nyingi kiasi gani, nati haitateleza kurudi nyuma. Mota ikikatiwa umeme, breki hubaki imebana vilevile. Umeme unahitajika wakati wa kufunga na wakati wa kufungua tu. Katikati ya nyakati hizo mbili kinacholishika gurudumu ni msuguano.

Je, kwa nini vijana wanane walishindwa? Kanuni namba 13-H ya Umoja wa Mataifa, inayohusu breki za magari madogo, inataka breki ya kuegeshea iweze kulishika gari lililojaa mzigo kwenye mwinuko wa asilimia 20. Kwa gari ambalo likijaa lina kilo 1,600, nguvu hiyo ni zaidi ya Nyutoni 3,000. Tukikadiria kwamba kila mwanafunzi alisukuma kwa Nyutoni 300, wote pamoja walitoa Nyutoni 2,400. Na mteremko mdogo wa pale shuleni uliwaongezea mia chache tu. Mabega yao hayakuwa na kosa. Walikuwa wakishindana na breki iliyosanifiwa kwa mlima mkali kuliko ule.

Hatimaye mwalimu mmoja alileta gari lake, tukaunganisha betri mbili kwa waya nene, mota ikapata nguvu, na gurudumu likawa huru. Lakini tuangalie maana yake. Katika gari lenye wenzo, betri ikichoka bado una njia ya kulisukuma. Katika gari langu, kuchoka kwa betri na kufungwa kwa magurudumu ni msiba mmoja. Dereva wa njia za vijijini anapaswa kulijua hilo kabla halijamkuta porini usiku, na kubeba waya wa kuunganishia betri kama anavyobeba jeki na gurudumu la akiba.

Kuondoka mlimani: hesabu iliyokuwa mwilini

Sasa tuitazame kazi iliyo ngumu kuliko zote kwa mwanafunzi wa udereva, nayo ni kuliondoa gari la klachi likiwa limesimama mlimani. Katika gari lenye wenzo, dereva hutia gia ya kwanza, huongeza mafuta kidogo, kisha huiachia klachi polepole mpaka ahisi inaanza kushika. Sauti ya injini hushuka, pua ya gari hunyanyuka kidogo, na mtetemo hupita katika kiti. Hapo, na si kabla ya hapo, mkono huushusha wenzo. Akiwahi, gari hurudi nyuma. Akichelewa, injini huzimika.

Dereva huyo anafanya hesabu, ijapokuwa hajui. Gari la kilo 1,200 likiwa kwenye mwinuko wa asilimia 10 huvutwa nyuma kwa nguvu ya Nyutoni 1,170 hivi. Kwa gurudumu lenye nusu-kipenyo cha mita 0.3, nguvu ya kuzungusha inayohitajika kwenye magurudumu ni Nyutoni-mita 351. Ikiwa gia ya kwanza pamoja na gia ya ekseli hukuza nguvu ya injini mara 14, basi klachi haina budi kupitisha Nyutoni-mita 25 hivi ili gari lisirudi nyuma, tukiacha upotevu unaotokana na msuguano. Dereva hazijui namba hizo, lakini wayo wake na sikio lake vinazijua.

Katika gari la kitufe, kazi hiyo imekabidhiwa kompyuta ndogo. Kipima-mwinamo huiambia mlima ni mkali kiasi gani; kifaa kilicho kwenye kanyagio la klachi huieleza klachi imeachiwa kiasi gani; na injini huiarifu nguvu inayotoa. Kompyuta inapoona kwamba nguvu inayokwenda mbele imeishinda ile inayovuta nyuma, huiamuru mota ifungue breki. Dereva aliyejifunza juzi huondoka mlimani kwa utulivu kama aliyeendesha miaka thelathini.

Hilo ni jambo jema, nami silibezi. Lakini hebu turudi kwenye hesabu. Tuseme gari lilelile limepakiwa abiria na magunia hadi likafika kilo 1,600. Sasa linahitaji Nyutoni-mita 33 badala ya 25. Kipima-mwinamo hupima mlima, wala hakipimi magunia. Ikiwa kompyuta imepangiwa gari lenye mzigo wa kawaida, au ikiwa nyuma pamefungwa trela ambalo haina habari nalo, yaweza kuifungua breki mapema, na gari likarudi nyuma ghafula. Dereva aliyezoea kuachiwa kila kitu na mashine hushtuka. Yule anayeijua hesabu hungoja mpaka klachi ishike barabara kabla ya kukubali breki ifunguke, na mguu wake haukai mbali na breki.

Wenzo nao ulikuwa na aibu zake

Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wako madereva wanaoitumia methali hiyo kuukataa ugunduzi huu wote. Sikubaliani nao, kwa maana mbachao huu wa zamani ulikuwa na matundu mengi.

Kwanza, wenzo hutegemea nguvu na makini ya mtu. Aliyechoka huuvuta nusu, akaondoka akidhani gari limefungwa. Mota haichoki, nayo huvuta kwa kiasi kilekile kila siku.

Pili, liko jambo la joto. Gari likishuka mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Lushoto hadi Mombo au wa Kitonga katika njia ya Iringa, disiki hupata moto mkali, na chuma chenye moto hutanuka. Dereva akifika chini akaegesha na kuvuta wenzo, breki hubana vizuri. Lakini muda upitapo, chuma hupoa na kusinyaa, na mbano hulegea. Magari yenye disiki nyuma yamewahi kuanza kutambaa yenyewe baada ya dereva kuondoka, bila ya mtu kuyagusa. Mifumo mingi ya umeme imepangwa kukaza tena baada ya dakika kadhaa. Mwenye wenzo hana budi kulikumbuka jambo hilo mwenyewe.

Tatu, ni dharura. Breki ya mguu ikishindwa safarini, anayevuta wenzo kwa nguvu aweza kuyafunga magurudumu ya nyuma pekee, na gari likageuka nyuma mbele. Katika magari mengi ya kitufe, ukikishika kitufe bila ya kukiachia, kompyuta hulisimamisha gari kwa kutumia magurudumu yote manne maadamu mfumo wa mafuta ya breki ungali mzima. Yafaa kila dereva asome kitabu cha gari lake ajue kama limepangwa hivyo.

Kufuli la pili

Hata hivyo iko hatari moja inayolihusu gari la klachi peke yake, nayo ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Gari la otomatiki likiegeshwa katika herufi P, ndani ya giaboksi huingia kipande cha chuma kinachoizuia isizunguke. Kwa hiyo breki ikilegea, liko kufuli la pili. Gari la klachi halina kufuli hilo ila dereva alitie mwenyewe, yaani aliache likiwa ndani ya gia.

Madereva wa zamani walilijua hili kwa sababu hawakuiamini breki ya mkono. Waliegesha wakatia gia, na mlimani utingo akaruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Dereva wa kitufe husikia mlio wa mota, huona taa nyekundu ikiwaka, akaridhika. Huliacha gari bila ya gia yoyote na kwenda zake. Baadhi ya magari hujifunga yenyewe injini inapozimwa. Mengine hayafanyi hivyo. Mtu aliyezoea gari la namna ya kwanza, siku akiazima la namna ya pili, hushuka mlimani kwa mazoea, akaliacha gari bila breki na bila gia, pengine watoto wakiwa ndani.

Gia hushikaje? Tuseme injini iliyozimwa hukataa kuzungushwa kwa nguvu ya Nyutoni-mita 20, kutokana na msuguano na mgandamizo wa hewa katika silinda. Ikipitia gia ya kwanza inayokuza mara 14, na gurudumu la mita 0.3, upinzani huo huwa Nyutoni 930 hivi barabarani. Ikipitia gia ya tano inayokuza mara 3 tu, hubaki Nyutoni 200. Ndiyo maana huambiwa uegeshe katika gia ya kwanza pua ikielekea juu, na katika gia ya kurudi nyuma pua ikielekea chini. Tena hesabu hiyo yaonyesha kwamba gia peke yake haitoshi: kwenye mwinuko wa asilimia 10 gari letu huvutwa kwa Nyutoni 1,170. Breki na gia zifanye kazi pamoja, na penye mlima mkali jiwe la utingo lisionewe haya.

Mambo ninayoyapendekeza

Kwa walimu wa fizikia, naomba somo la mashine rahisi lisiishie kwenye kapi na ndoo ya kisimani. Karatasi, penseli, ubao, boliti kubwa na nati vyatosha kuonyesha kwa nini breki ya umeme hushika bila umeme. Waulizeni wanafunzi: je, ingekuwaje kama hatua ya skrubu ingekuwa milimita 10 badala ya 2? Wakigundua kwamba nati ingeteleza yenyewe, wameuelewa usanifu wa chombo hicho.

Kwa wakufunzi wa udereva, naomba kila mwanafunzi afundishwe kuondoka mlimani kwa gari lenye wenzo kabla ya kupewa la kitufe, na asifaulu mpaka kutia gia wakati wa kuegesha kuwe desturi yake.

Kwa wanafunzi wa ufundi na wenye gereji, nina onyo moja. Pedi za breki hii hazibadilishwi kwa kuirudisha pistoni kwa jeki ya mkono, kama tulivyozoea. Kwanza mota huamriwa kwa kifaa maalumu, au kwa utaratibu ulioandikwa na mtengenezaji, irudishe nati nyuma. Anayetumia mabavu huvunja gia ndogo zilizomo ndani. Tena, mtu asiingize vidole katika breki hiyo hali mwingine ameketi ndani ya gari karibu na kitufe.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni kujisumbua, kwa kuwa mashine itajua kwa niaba yetu. Nami nawajibu kwamba mashine hujua yale tu ambayo mtu fulani alifikiri kuiambia. Mhandisi aliyeko mbali hakuuona ukungu wa Usambara, wala magunia yetu, wala betri yangu niliyoisahau. Kijana wa kidato cha tatu aliviona, akauliza. Kabla sijaondoka nilimwambia alitafute jibu kwa karatasi na penseli, amwonyeshe mwalimu wake Jumatatu. Nawaomba walimu wasomao makala haya wawape wanafunzi wao swali hilohilo, na wasiwape jibu mapema.